Ganda la Dawa: Habari za Nyumba ya Neuhaus
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliufuata mkakao kutoka misitu ya Amerika hadi viwanda vya Ulaya, tukaona jinsi Van Houten wa Uholanzi alivyopata hati, mwaka 1828, ya kinu cha kukamua mafuta ya punje zake, na jinsi nyumba ya Fry, katika mji wa Bristol, ilivyoyarudisha mafuta yale mwaka 1847 katika unga wa kakao na sukari, hata kilichokuwa kinywaji tangu enzi za Waazteki kikawa kitu cha kutafunwa. Leo twaingia katika duka moja la mji wa Brussels, nasi wa Uvira tuna haki ya kuingia humo bila kubisha hodi, kwa kuwa habari zake zagusa dawa, sukari na kakao, vitu vitatu ambavyo ardhi ya Kivu imevizaa vyote.

Mwenye duka aliitwa Jean Neuhaus, jina ambalo kwa Kijerumani maana yake ni nyumba mpya. Alikuwa mtu wa asili ya Uswisi aliyehamia Brussels, akafungua pamoja na shemeji yake, mwaka 1857, duka la dawa katika Galerie de la Reine. Mahali hapo ni njia ndefu iliyoezekwa kwa vioo, yenye maduka kushoto na kulia, iliyofunguliwa miaka 10 kabla, yaani 1847, zama za Mfalme Leopold wa Kwanza. Na watu wa hadhi walipita humo alasiri, jua lisiwachome wala mvua isiwaloweshe, wakitazama na kutazamwa. Neuhaus aliwauzia vidonge vya kifua na vya tumbo, na kwa kuwa dawa za siku zile zilikuwa chungu kupita kiasi, akabuni hila njema ya kuzivika ganda la chokoleti, ili ulimi udanganywe na tumbo lipate haki yake.

Sisi hatuna haja ya kufunzwa habari za uchungu wa dawa. Nani miongoni mwetu hakushikwa kichwa utotoni na shangazi mmoja, huku shangazi wa pili akimsogezea kijiko cha kwinini, na kipande cha muwa kikimngoja mkononi mwa wa tatu kama ujira wa ushujaa? Gome la mti wa kwinini hulimwa katika milima ya upande wa Bukavu, na hutengenezwa dawa huko huko Bukavu. Basi yule mwuza dawa wa Brussels alikuwa akifanya kwa ustadi kile walichokifanya shangazi zetu kwa nguvu: alimleta mgonjwa kwenye uchungu kwa njia ya utamu.

Lakini biashara ina siri yake, na siri hiyo hufunuliwa na mteja kabla ya mwenye duka. Ikadhihirika kidogo kidogo kwamba watu walilipenda ganda kuliko kilichomo ndani. Frédéric, mwana wa Jean, aliyejifunza kazi ya vitu vitamu, aliielewa ishara hiyo, na kufikia mwaka 1895 duka lilikuwa likijulikana kwa jina la Neuhaus-Perrin, nyumba ya peremende na chokoleti, dawa zikiwa zimesogea nyuma. Mjukuu wa mwanzilishi, naye akiitwa Jean, ndiye aliyeikamilisha safari hiyo mwaka 1912. Alilibakiza ganda, akaiondoa dawa, na mahali pa dawa akaweka kiini laini kitamu. Kitu hicho akakiita pralini, neno lililokwisha kuwapo Ufaransa tangu karne ya 17 kwa maana ya lozi zilizokaangwa katika sukari, ila Wabelgiji walilitwaa wakalipa maana hii mpya, ya chokoleti yenye kiini.

Nitaomba subira ya msomaji nieleze kazi yenyewe, maana anayeila pralini kwa dakika moja hajui ilivyomsumbua mwenye kuiunda. Mafuta ya kakao yana tabia ya ajabu: huwa magumu katika baridi ya kawaida, na huyeyuka kabla kidogo ya kufikia joto la mwili wa mwanadamu, ndiyo sababu chokoleti huvunjika kwa mlio ikiwa mkononi na kuyeyuka ikiwa kinywani. Lakini mafuta hayo yaweza kuganda kwa namna kadhaa, na namna moja tu ndiyo yenye kung'aa na kuvunjika vizuri. Ili kuipata, fundi huyeyusha chokoleti nyeusi mpaka joto la digrii 45 au zaidi, akaipoza mpaka kama 27 au 28 huku akiikoroga, kisha akaipandisha tena mpaka 31 au 32, wala asizidishe. Hapo huimimina katika kalibu, akaipindua ili iliyozidi idondoke, likabaki ganda jembamba lililoshika kuta. Akalijaza kiini, akalifunika kwa chokoleti nyingine, akaliacha lipoe. Aliyefanya haraka hulipwa kwa weupe unaofanana na majivu juu ya kazi yake.

Weupe huo naujua kwa macho yangu. Nilipata kununua chokoleti Bujumbura, zawadi ya watoto wa ndugu yangu, na safari hiyo si ndefu. Lakini kabla sijaipita Gatumba ilikuwa imelainika, na nilipofika Kavimvira ilikuwa uji ndani ya karatasi. Usiku, upepo wa ziwa ulipovuma, ikaganda tena, na asubuhi mmoja wa watoto akairudisha akisema, "Baba mdogo, hii shokola imeota ukungu." Haukuwa ukungu. Mafuta yaliyeyuka bila mpango na kuganda bila mpango, yakapanda juu. Tuliila, na utamu wake haukupungua, ila sura yake ilikuwa imetoweka. Na katika biashara ya akina Neuhaus, sura ni nusu ya bei.

Hilo alilifahamu zaidi ya wote Louise Agostini, mke wa Jean wa pili. Pralini zilikuwa zikiuzwa katika karatasi iliyopindwa mfano wa pembe, kama karanga ziuzwavyo sokoni kwetu, na zile za chini zilipondwa na zile za juu. Mwaka 1915 bibi huyu akabuni kijisanduku cha karatasi ngumu chenye vifuniko vya kukunja, ambamo pralini hupangwa safu juu ya safu bila kuumizana. Kikaitwa balotini, na hata leo Mbelgiji anayekwenda kumtazama mgonjwa au kuposa hukichukua mkononi. Mwaka ule Brussels ilikuwa chini ya majeshi ya Wajerumani, na vita vile vile vilikuwa vimefika ziwani kwetu: ndipo Waingereza walipoziburura mashua mbili, Mimi na Toutou, kupitia misitu na milima mpaka Tanganyika, ambako mwezi wa Desemba ziliiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani. Dunia ilikuwa ikipasuka, na mwanamke mmoja alikuwa akifikiri namna ya kuzuia kitu laini kisipondwe.

Kazi ikapita kwa mkwe wao, Adelson de Gavre, na sifa ya duka ikazidi kuenea. Mwaka 1958 Brussels ilifanya Maonyesho ya Dunia, na Neuhaus ikatoa kwa heshima yake pralini mbili zilizodumu hadi leo, Caprice na Tentation, ambazo ganda lake la sukari iliyoungua na njugu za kusagwa hukunjwa kwa mkono likiwa bado moto, kisha hujazwa kiini na kuvikwa chokoleti. Katika maonyesho hayo hayo, Wakongo walioletwa kutoka kwetu walikalishwa nyuma ya uzio katika kijiji cha kutazamwa, na wapita njia wakawatupia ndizi na sarafu, hata wakachoka na fedheha hiyo wakarejea makwao kabla maonyesho hayajafungwa. Mwuza pralini hana dhambi ya dola, wala simtwishi. Lakini historia ya vitu vitamu isiyoutaja uzio ule itakuwa nayo imetiwa ganda.

Maana wakati fundi wa Brussels akiikunja Caprice, Kongo ilikuwa mlimaji. Kakao ilipandwa Mayombe, upande wa bahari, na Lukolela, kando ya mto mkubwa, ikapakiwa melini ingali punje. Uwanda wa Ruzizi ulilimwa miwa, na miaka hiyo ya 1950 kiwanda cha sukari cha Kiliba kikasimama karibu na mji wetu, mpaka vita vya miaka ya 1990 vilipokizima na kuyaacha mashamba yake yaote majani. Gome la kwinini tulilitengeneza wenyewe, sukari tuliisafisha wenyewe, ila kakao peke yake iliondoka na uchungu wake, ikarudi, iliporudi, katika karatasi ya kung'aa kwa bei ya kumshangaza aliyeipanda.

Na tofauti ya bei hiyo haikutoka katika mti. Nyumba ya Neuhaus, ambayo leo imo mikononi mwa kampuni na si ya ukoo tena, haikuwa na shamba hata la mkakao mmoja pale Galerie de la Reine. Ilikuwa na meza, kalibu, kipimo cha joto, na vizazi vitatu vilivyokubali kuufuata ulimi wa mteja hatua kwa hatua: wa kwanza akaivika dawa ganda, wa pili akaliuza ganda, wa tatu akabadili kilichomo ndani, na mke wake akakitafutia nyumba.

Meza ya namna hiyo sasa imetandikwa mashariki ya nchi yetu. Huko Mutwanga, katika wilaya ya Beni, chini ya milima ya Ruwenzori, Hifadhi ya Virunga imejenga kiwanda kidogo cha chokoleti kinachoendeshwa kwa umeme wa mto ushukao mlimani, na fundi mmoja mashuhuri wa Ubelgiji, Dominique Persoone, amesaidia kuwafunza vijana kazi. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaingia humo, tuwatazame hao vijana wanaoishi katika ardhi ya mapigano wakingoja kwa subira chokoleti ishuke mpaka digrii 28, wala isipungue.

(Itaendelea)