Mvule Hautaki Kupandwa Peke Yake

Masika ya pili niliikuta mivule yangu imejaa vinundu vya kijani kwenye majani na vikonyo. Nilipasua kimoja kwa ukucha. Ndani mlikuwa na kidudu kama chawa. Miche mingi ilikuwa imeanza kufa kutoka kileleni. Nilikuwa nimepanda mivule mitupu, mstari kwa mstari, kwenye jua kali, kama watu wapandavyo mitiki.

Michache niliyoichomeka chini ya mishai, kando ya iliki, ilikuwa na kinundu kimoja kimoja tu. Porini mivule husimama mbalimbali, mbegu zake zikibebwa na popo. Ukiikusanya pamoja, unamrahisishia mdudu kazi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza mti gani wa asili unafaa kurudishia msitu huku Usambara Mashariki, nami humwuliza: unaupanda wapi, na jirani zake ni nani?

Neno "asili" nalo limetuponza. Msizi ni mti wa Afrika, na Kagera uko kwao. Ulipoletwa huku Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, ulikua haraka ajabu. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakatawanya mbegu hadi ndani ya msitu, na sasa umeshika mapengo ambayo yangejazwa na miti ya hapa. Kwa kipimo cha urefu wa mwaka wa kwanza, msizi ungeshinda miti yote.

Msambu ungeshindwa. Mbegu yake yenye mafuta, ambayo watu wa Muheza huiokota na kuiuza, yaweza kukaa udongoni miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kabla ya kuchipua. Wenye haraka huimwaga wakidhani imeoza. Tena kuna misambu dume na jike, na mche haukwambii ni upi mpaka utoe maua. Anayetaka matunda hubebesha mche kikonyo cha mti jike. Kazi hiyo yote naiona ni haki yake, kwani msambu hauna kwao kwingine ila milima yetu hii ya Tao la Mashariki.

Kila mche wangu una kibati chenye namba. Daftarini naandika mti mama, kivuli, urefu, na kama uko hai. Jumamosi nitairudia mivule iliyo chini ya mishai.