Kinachokwisha ni Gesi, si Elektroni

Mwezi wa Julai joto la Al Wakrah, kusini mwa Doha, hupita nyuzi 40, na bila kiyoyozi vyumba vya Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi huko havikaliki. Umeme wa Qatar huzalishwa zaidi kwa gesi asilia, na mitambo mikubwa ya Ras Abu Fontas iko papo hapo pwani, kati ya mji huo na Doha. Wengi hudhani kuwa elektroni hutoka mtamboni, hukimbia kwenye nyaya, huingia ndani ya kiyoyozi na kuishia humo. Sivyo.

Elektroni ni chembe yenye chaji hasi, na imo katika kila atomi, nje ya kiini. J. J. Thomson aliitambua mwaka 1897 huko Cambridge, Uingereza. Ni nyepesi mno: tungamo la protoni moja ni sawa na la elektroni 1,836 hivi. Hata hivyo chaji zao zinalingana kwa ukubwa, ila ya protoni ni chanya. Tena elektroni zote ni sawasawa: ya shaba, ya maji ya bahari na ya mwili wako hazina tofauti yoyote.

Katika waya wa shaba, kila atomi huachia takriban elektroni moja ikazurura. Elektroni hizo zimo humo tangu waya ulipotengenezwa. Birika la umeme la wati 2,400, kwa volti 240 za Qatar, huvuta ampea 10, yaani chaji ya elektroni bilioni 62 mara bilioni kila sekunde. Kwa wingi huo, kila moja husogea taratibu, chini ya milimita moja kwa sekunde. Isitoshe, mara 50 kila sekunde huenda mbele na kurudi nyuma, bila kuvuka hata sehemu ya mia ya milimita. Ni kama msumeno: meno yake hayang'oki, lakini mbao hukatika. Kinachosafiri kwa kasi kubwa ni nishati, ikibebwa na uga wa sumakuumeme unaozizunguka nyaya.

Ndiyo maana mita haihesabu elektroni, bali nishati. Elektroni za waya wako zitabaki zilipo. Gesi iliyochomwa Ras Abu Fontas hairudi. Ukitoka chumbani, zima kiyoyozi.