Marejeo ni Malka

Mtu wa Lamu haiti omo "mbele ya chombo", wala tezi haiiti "nyuma". Maji ndiyo riziki yake, na riziki haitajwi kwa maneno ya kukisia. Sasa mpeleke Rapsu, katika nyika ya Garbatulla, kaunti ya Isiolo, ambako hakuna dau wala nahodha. Maneno ya maji atayakuta tele, ila yametungwa na mtu aliyesimama ukingoni na mifugo yake.

Waborana wa huko husema Kiborana, tawi la Kioromo. Maji ni bisani. Ndiyo maana hifadhi ya jirani huitwa Bisanadi, maji meupe. Kisima ni ela. Korongo lisilo na maji mpaka mvua inyeshe ni laga, neno ambalo Wakenya wengi wa kaskazini wamelitia katika Kiswahili chao. Na mahali mto unapofikika, mifugo ikanywa na watu wakavuka, ni malka. Malka Daka, kwenye mto Ewaso Ng'iro, maana yake ni kivuko cha mawe.

Maji hayo yana adabu yake. Katika visima virefu vya Waborana, vijana husimama ngazi kwa ngazi, wakirushiana ndoo huku wakiimba, hadi maji yamwagike horini. Juu yupo aba herega: aba ni baba, herega ni zamu. Yeye ndiye anayesema ng'ombe wa nani wasogee, na mwenye kundi kubwa hungoja zamu yake kama mwenye mbuzi watatu.

Neno malka limeteremka hadi bonde la Tana. Huko Mpokomo ana mtumbwi na shamba la ukingoni. Muorma, ndugu wa Mborana kwa lugha, ana ng'ombe wenye kiu. Kwake malka ni pia njia ya kupita kati ya mashamba hadi mtoni. Njia hiyo ikilimwa, ugomvi hauko mbali. Anayelisikia neno hilo kama "kivuko" tu hataelewa wanagombania nini.

Wapwani husema: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mfugaji wa Rapsu hajui ngama, chini kabisa ya chombo yanakotuama maji, lakini methali hiyo haihitaji kufasiriwa kwake. Malisho yawe ya mbali au ya karibu, kiangazi kikikaza, marejeo ni malka.