Kifaa cha Nyumbani Kisigeuke Mlango wa Mwizi

Maendeleo ya mawasiliano hayakuishia Bukoba mjini na Muleba. Simu janja zimevuka maji hadi Bumbire, Ikuza, Goziba na Kerebe, na nyuma yake zafuata kamera za ulinzi, televisheni na ruta za intaneti. Tunayapokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, hatuna budi kusema wazi kwamba kila kifaa kilichounganishwa na intaneti ni mlango, na mlango ambao ufunguo wake wajulikana na kila mpita njia haumlindi mwenye nyumba.

Mwaka 2016, programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta duniani. Ilijaribu tu maneno ya siri yapatayo 60, yaliyowekwa na viwanda na ambayo wanunuzi hawakuyabadilisha. Oktoba mwaka huo, vifaa hivyo vilitumiwa kuzikwamisha tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Wala asidhani mtu kuwa hayo ni ya ng'ambo pekee. Nchini Liberia kampuni ya simu ilishambuliwa kwa silaha iyo hiyo, na mwaka 2019 mahakama ya London ilimfunga mtu aliyekodiwa kutenda uovu huo.

Hapa kwetu, mwenye duka kisiwani hununua kamera mjini na kumwita fundi. Fundi huifunga, huchagua neno la siri, kisha hupanda boti na kuondoka nalo. Kikulacho ki nguoni mwako. Neno hilo na libadilishwe kabla fundi hajaondoka, na lisiwe namba ya simu wala mwaka wa kuzaliwa. Ruta nayo isisahauliwe. Wengi huahirisha kuhuisha programu za vifaa kwa kuogopa kumaliza bando, lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kuibiwa.

Kwa watumishi wa Serikali wajibu ni mzito zaidi, kwa kuwa wanatunza mali na siri za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, yamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Basi kila ofisi, zahanati na shule iwe na daftari la vifaa vyake na mtu mmoja wa kuvisimamia. Mtumishi anapohamishwa hukabidhi funguo za ofisi. Akabidhi pia maneno ya siri, nayo yabadilishwe siku hiyo hiyo.

Tunazishauri pia halmashauri ziwapeleke wataalamu wao visiwani kuwafundisha wananchi kazi hii, kwani mkazi wa Goziba hawezi kuvuka ziwa kila kifaa kinapomtatiza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu waweza kuzibwa leo, bila gharama kubwa, na kila mwenye kifaa.