Udongo wa Miche ya Kahawa

Wasikilizaji wetu, mche wa kahawa ukifa kitaluni, mara nyingi kosa si la mbegu bali la udongo. Mfinyanzi mtupu hutuamisha maji hata mizizi ikaoza. Mchanga mtupu hauyashiki. Na samadi mbichi huiunguza mizizi.

Basi, twaeni madebe 3 ya udongo mweusi wa juu, madebe 2 ya mchanga wa mtoni, na debe 1 la samadi iliyokwisha kuoza. Chekecheni, mkachanganye vema. Nyunyizeni maji kidogo, kisha fumbateni konzi moja. Ukishikamana, nao ukavunjika uguswapo kwa kidole, umefaa. Ukinata kama unga uliokandwa, ongezeni mchanga.

Mkahawa huzaa baada ya miaka 3 hivi. Aanzaye na udongo mbaya hungojea bure.