Baiskeli Budalang'i: Uma ghali wa zamani au mpya wa bei nafuu?

BAISKELI yenye springi mbele huvutia macho dukani. Hata hivyo, kwa mchuuzi anayebeba samaki kutoka Port Victoria au mpunga kutoka mashamba ya unyunyiziaji ya Bunyala, swali si urembo. Swali ni uma upi wa mbele utakaostahimili mzigo, matope na mashimo bila kumbwaga njiani.

Eneo la mpakani lina historia ndefu na chombo hiki. Katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli walianza kuwavusha abiria na mizigo kati ya vituo vya Kenya na Uganda, na kutokana na kazi hiyo ya mpakani neno bodaboda likazaliwa. Baadaye pikipiki zilitwaa sehemu kubwa ya biashara, lakini baiskeli ingali tegemeo la wengi wasiomudu petroli.

Siku hizi mnunuzi hukabiliwa na chaguo mbili za uma wenye springi. Wa kwanza ni ule uliotengenezwa kwa gharama kubwa miaka mingi iliyopita na kufika kwenye baiskeli ya mtumba. Wa pili ni mpya, wa bei nafuu, unaokuja na baiskeli kutoka viwanda vya Asia.

Uma wa kwanza una asili katika mashindano ya milimani. Kampuni ya RockShox ya Marekani, iliyoanza mwaka 1989, ilitumia hewa na mafuta kupunguza mtikisiko. Miaka ya 1990 ikaleta aina nyingine, miongoni mwazo Judy ya kampuni hiyo hiyo na Bomber ya Marzocchi kutoka Italia.

Ubora wake umo ndani. Gurudumu linapogonga shimo, springi, hewa au raba maalumu hubonyea, nayo mafuta hupita kwenye vitundu vidogo na kuzuia uma usirudi juu kwa ghafla. Usukani hubaki mkononi. Aidha, uma kama huo huweza kuwa na uzito wa takriban kilo 1.5 tu.

Ule wa bei nafuu aghalabu una springi ya chuma pekee, bila mafuta ya kuituliza. Ukigonga shimo hubonyea, kisha huruka. Uzito wake hufikia kilo 2.5 au zaidi, na mara nyingi vishikizo vyake vya ndani ni vya plastiki ambavyo huanza kulegea baada ya muda mfupi.

Kwa hesabu hiyo, wa zamani ungeshinda. Lakini umri una gharama yake. Raba za ndani hukauka na kuwa ngumu kama jiwe, mipira ya kuzuia mafuta hupasuka, na vipuri vyake havipatikani Busia wala kwingi kwingineko. Uma uliokauka hivyo haubonyei tena. Umebaki jina tu.

Isitoshe, vipimo vimebadilika. Uma wa zamani mara nyingi ni wa gurudumu la inchi 26 na breki za kubana rimu. Wengi wa kisasa huchukua magurudumu makubwa zaidi na breki za diski, ambazo hushika vyema zaidi penye matope, jambo lenye uzito katika nchi tambarare inayofurikwa na Mto Nzoia.

Zaidi ya hayo, kuna hatari ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii. Miguu ya chini ya uma ghali mara nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesi, madini mepesi yanayoweza kushika moto yakipata joto kali. Ukipasuka, fundi wa jua kali asijaribu kuuchomelea.

Hapa ndipo baiskeli nzito ya jadi, maarufu kama Black Mamba, inapoonyesha hekima yake. Uma wake ni chuma kitupu, hauna springi. Ukipinda hunyooshwa, na mafundi huongeza vyuma vya kuutegemeza hadi kwenye ekseli. Mtikisiko humfikia mwendeshaji mikononi, lakini hakuna mpira wa kupasuka wala mafuta ya kumwagika.

Ikumbukwe pia kwamba uma wa milimani ulibuniwa kwa mtu mmoja, si kwa gunia nyuma. Mzigo mzito kwenye karia huufanya usukani kuwa mwepesi. Breki ya mbele ikishikwa ghafla, uzito hukimbilia mbele na uma wenye springi dhaifu huzama.

Anayenunua uma wa mtumba na aubonyeze mara kadhaa: ushuke na kurudi polepole. Atazame kutu kwenye mirija, mafuta yanayovuja na nyufa palipoungana miguu miwili. Kisha ashike breki na kusukuma baiskeli mbele na nyuma, ukicheza, umelegea. Apime pia mrija wa usukani, kwani wa inchi moja na wa inchi moja na sehemu moja ya nane haubadilishwi kiholela.

Ukifaulu majaribio hayo, uma ghali wa zamani unafaa kwa safari nyepesi kuliko mpya wa bei rahisi. Usipofaulu, mpya ni salama zaidi. Na kwa mwenye kubeba magunia kila siku, chuma kisicho na springi ndicho fundi wa kijijini atakachoweza kukitengeneza.