Kabla ya kulipia tuisheni ya sheria

Likizo kubwa inapokaribia, katika mitaa ya Bujumbura kuanzia Buyenzi na Bwiza hadi Nyakabiga na Ngagara, wazazi huanza kuulizana nani anafundisha vizuri. Mwenye kijana anayetaka kuwa wakili huuliza zaidi: yuko mwalimu wa kumwandaa kwa mtihani wa kuingia sheria? Ni swali la haki. Lakini kabla ya kumtafuta mwalimu, mzazi ajue kwanza ni mtihani upi. Masharti ya kuingia kitivo cha sheria hayafanani nchi hadi nchi, na karo nyingi za tuisheni hupotea kwa sababu mtoto aliandaliwa kwa mtihani ambao hataufanya.

Hapa Burundi kizingiti kikuu ni Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Alama zake ndizo zinazotazamwa anapotafutiwa mwanafunzi nafasi katika Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964. Vyuo binafsi vinavyofundisha sheria, kama Université du Lac Tanganyika na Université Lumière de Bujumbura, navyo hutaka diploma ya serikali. Kwa hiyo kijana anayebaki Bujumbura hahitaji kufundishwa vifungu vya sheria wakati wa likizo. Anahitaji kufaulu mtihani wa serikali, na kuandika Kifaransa kilichonyooka, maana ndicho atakachosomea sheria.

Akivuka mpaka mambo hubadilika. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, familia nyingi zinatazama Kampala na Nairobi. Makerere huwapima waombaji wa shahada ya kwanza ya sheria kwa mtihani wake wa kuingilia, na lugha ni Kiingereza. Kenya njia ya kawaida ni matokeo ya kidato cha nne: wastani wa C+, na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Vyuo kadhaa vya Uingereza hutumia LNAT, mtihani wenye maswali 42 ya kuchagua jibu yanayotokana na vifungu 12 vya kusoma, kwa dakika 95, kisha insha moja ya dakika 40. Marekani, ambako sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, wana LSAT, ulioanza mwaka 1948.

Katika LNAT na LSAT hakuna swali linalomtaka mtahiniwa ajue sheria. Kinachopimwa ni kama anaweza kusoma maneno ya mtu mwingine, akaona hoja imesimama juu ya nini. Tutazame mfano niliotunga kwa mtindo wa mitihani hiyo:

«Mwaka huu kesi za ardhi zilizofikishwa mahakamani katika tarafa fulani zimepungua kwa nusu. Kwa hiyo wananchi wa tarafa hiyo wamejifunza kupatana.» Ni jambo gani ambalo mwandishi amelichukulia kuwa kweli bila kulisema? A: Kupatana ni bora kuliko kushtakiana. B: Hakuna sababu nyingine iliyowazuia watu kwenda mahakamani. C: Ardhi ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi.

Kijana aliyezoea kukariri hukimbilia C, kwa sababu anajua kwamba Burundi ardhi imejaza mahakama kwa miaka. Analosema ni kweli, na bado amekosa. Hakuulizwa nini ni kweli, aliulizwa hoja hii inategemea nini. Jibu ni B. Huenda ada ya kufungua kesi imepanda, huenda hakimu amehamishwa, huenda barabara imekatwa na mvua. Sababu moja tu kati ya hizo ikithibitika, hitimisho la mwandishi linayumba. Mazoezi ya namna hii, yakifanywa taratibu na mwalimu anayemtaka mwanafunzi aeleze kwa nini A na C zinaanguka, yanafaa kuliko kitabu kizima cha majibu.

Mbinu za njia ya mkato, kwa upande wake, huchakaa upesi. Kwa miaka mingi walimu wa tuisheni ya LSAT walijipatia riziki nzuri kwa sehemu iliyojulikana kama michezo ya mantiki, ambamo mtahiniwa alichora vielelezo ili kupanga watu na vitu kwa masharti fulani. Mtahiniwa asiyeona alishtaki, kwa kuwa sehemu hiyo ilimdai kitu ambacho macho yake hayakumruhusu. Mwaka 2019 pande mbili zikapatana, na kuanzia Agosti 2024 sehemu hiyo haipo tena. Waliokuwa wamelipia ujanja wa vielelezo walibaki nao mkononi. Waliokuwa wamejifunza kusoma na kupima hoja hawakupoteza kitu.

Warundi wenzangu wasidhani kwamba kipimo hiki ni kigeni. Zamani mtu hakufanywa mushingantahe, yaani mzee msuluhishi wa jamii, kwa kuzijua methali nyingi. Alitazamwa kwa muda mrefu: anasikiliza pande zote mbili? Anatofautisha alichoambiwa na alichokiona? Anaweza kutoa uamuzi na kuueleza mbele ya walioshindwa? Mtihani wa karatasi unajaribu kuona, kwa saa chache, sehemu ndogo ya hayo.

Kwa anayebaki hapa, chujio la pili humngoja mwaka wa kwanza wa kitivo. Chukua swali la kesi. Baba amefariki Rumonge, ameacha shamba la michikichi, watoto wa kiume wawili na binti mmoja aliyeolewa Bujumbura. Binti anadai fungu lake. Mwanafunzi wa kukariri ataandika kwamba wote ni sawa mbele ya sheria, ataweka nukta na kupumzika. Msahihishaji anataka zaidi. Anataka mambo yenyewe yapangwe, swali la kisheria litajwe, kanuni itafutwe. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana Kanuni ya Watu na Familia ya mwaka 1993 iliacha mirathi nje, na mahakama zimekuwa zikiegemea mila. Katiba nayo inatangaza usawa wa raia. Mwanafunzi lazima aziweke mila na Katiba uso kwa uso, kisha afikie uamuzi na kuutetea, kwa Kifaransa, ndani ya muda. Wengi wanaoanguka wanalijua somo. Hawakuwahi kuzoezwa kuandika hoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hapo sasa mzazi anaweza kumpima mwalimu. Siku ya kwanza mwulize mambo matatu. Anamwandaa mtoto kwa mtihani upi hasa, na ameona karatasi zake zilizopita? Mtoto ataandika kurasa ngapi kwa wiki? Zikisahihishwa, ataziandika upya? Omba uone karatasi ya mwanafunzi mwingine iliyosahihishwa, jina likiwa limefichwa. Ukikuta alama na neno «vizuri» tu, shika faranga zako. Ukikuta sentensi zilizopigwa mstari na maswali pembeni, kama «umejuaje?» na «hili linatoka wapi?», huyo anafanya kazi. Na yule anayenong'ona kwamba anayajua maswali yatakayotoka, muage hapo hapo. Mtoto hawezi kuanza safari ya haki kwa mtihani wa wizi.

Asiye na karo ya tuisheni hajafungiwa njia. Vijana wanne wanatosha. Kila wiki wachague makala moja ya maoni katika gazeti la Le Renouveau au Iwacu, kila mmoja aifupishe kwa mistari 10, aandike mwandishi anadai nini, kwa ushahidi gani, na wapi hoja yake ina pengo. Kisha wabadilishane daftari na kusahihishana bila kuoneana haya. Fedha kidogo ikipatikana, wachangishane wamlipe mwalimu mmoja wa Kifaransa apitie maandishi yao mara moja kwa wiki. Kusoma kwa makini na kuandika kwa mpangilio ndiko kunakotakiwa Bujumbura, Kampala na London, na mwalimu asiyegusa maandishi ya mwanao hamwandai kwa mtihani wowote.